Kila neno lina kiti chake

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, alipokuja bibi mmoja jirani yangu, mjane mwenye heshima zake, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake alifuata mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa cheti kizuri, kichwa amekiinamisha kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe.

"Kaka," akaniambia yule bibi, "wewe ndiwe mtu wa maneno. Hebu nisomee hii, unambie kama nimedhulumiwa au nimejidhulumu mwenyewe."

Nikaikunjua. Ulikuwa mkataba wa upangaji. Bibi huyu amempangisha vyumba vya chini ya nyumba yake muuzaji mmoja wa sharubati, na kila mtu ajua kwamba biashara ya sharubati hula maji mengi. Basi walikubaliana kwa mdomo, mbele ya mashahidi, kwamba bili ya maji ataibeba mpangaji peke yake, na bili ya umeme watagawana nusu kwa nusu kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile tangu zamani. Mpwa akashauri kwamba mapatano hayana uzito mpaka yaandikwe, tena yaandikwe kwa Kiingereza. Akaketi akayaandika. Umeme hakuutaja, maana aliona ni jambo linalojulikana. Kuhusu maji aliandika hivi: "The tenant shall only pay for water." Pande zote mbili zikatia sahihi.

Bili ya kwanza ya umeme ilipokuja, mpangaji alitoa karatasi yake akaweka kidole juu ya mstari ule. "Mkataba wenu wenyewe wasema nitalipia maji tu. Umeme hauniusu." Miezi miwili ikapita, bili zikalundikana, na watu wawili waliokuwa wakipelekeana futari Ramadhani wakawa hawaamkiani mlangoni.

Mpenzi msomaji, nikiusoma mstari ule sikuwa na budi ila kumwambia bibi ukweli mchungu. Mpangaji hakughushi kitu. Kiingereza kile chasema vile alivyosema yeye. Kijana alikusudia kuandika "mpangaji pekee ndiye atakayelipia maji", lakini akaandika "mpangaji atalipia maji tu". Maneno yote aliyoyatumia ni sahihi, hijai yake haina dosari, kitenzi kimekaa katika wakati wake. Neno moja dogo ndilo lililokosa kiti, na kwa ajili ya kiti hicho ujirani mzima ukayumba.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na leo nataka kusema neno juu yake, kwa sababu naona kosa si la kijana yule peke yake. Ni kosa la namna tunavyowafundisha watoto wetu lugha ya watu.

Hebu tuanze na kosa lenyewe. Sisi Waswahili tuna neno letu "tu", na kazi yake ni kuweka mpaka. Lakini "tu" hutazama nyuma, kwani hulifuata neno linaloliwekea mpaka. Tukisema "mpangaji tu", tumemfunga mpangaji. Tukisema "maji tu", tumeyafunga maji. Sasa "only" ya Kiingereza aghalabu hutazama mbele. Ikikaa kabla ya kitenzi, macho yake yako kwenye kitenzi na yale yanayofuata, wala haigeuki nyuma kumtazama mtendaji aliyekwisha pita. Kijana wetu aliiweka "only" nyuma ya mpangaji, akidhani inamfunga mpangaji kama "tu" ingelivyomfunga. Aliandika Kiingereza kwa kalamu, akaweka maneno kwa Kiswahili. Laiti angaliandika "Only the tenant shall pay for water", au "The tenant alone shall pay for water", bibi yetu angalilala usingizi.

Huenda msomaji akauliza, mbona twaona vibao vimeandikwa "Members only", na hapo "only" yatazama nyuma? Ni kweli, Kiingereza kina njia hiyo katika vibao na matangazo. Na ni kweli pia kwamba Waingereza wenyewe, wakizungumza, huitupa "only" popote karibu na kitenzi wakaelewana, kwa kuwa sauti huinuka juu ya neno linalokusudiwa. Lakini karatasi haina sauti. Mtu akishatia sahihi na kwenda zake, kinachobaki kusema ni mpangilio wa maneno basi.

Nilipokuwa mtoto, nikishinda skuli asubuhi na chuoni jioni, mwalimu wetu wa chuo alitutia katika nahau baada ya kuhitimu msahafu. Tulianza na Ajrumiya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Fez aliyefariki mwaka 1323, ambacho kimekuwa mlango wa nahau kwa vizazi vingi vya wanafunzi. Tukafundishwa kwamba katika Kiarabu mtendaji hujulikana kwa dhumma mwishoni mwake, na mtendwa kwa fat-ha. Ukishazijua alama hizo, waweza kumtanguliza mtendwa na kumchelewesha mtendaji, na msikilizaji asipotee, maana kila mmoja amevaa kanzu yake.

Lakini siku moja mwalimu akatuuliza swali. Ikiwa Musa amempiga Isa, nani ni nani? Hakukusudia manabii, aleihimu ssalaam, bali watu wawili wenye majina hayo tu. Majina haya huishia kwa alifu isiyobeba dhumma wala fat-ha inayosikika. Kanzu zao ni sawa. Hapo, akasema mwalimu, ruhusa ya kupanguapangua imekwisha. Atakayetangulia ndiye mtendaji, atakayefuata ndiye mtendwa, na mwenye kuwabadilisha viti amembadilisha mpigaji na mpigwa.

Nilisahau mengi ya siku zile, lakini Musa na Isa hawakunitoka. Na ilinichukua miaka mingi, nikiwa mtu mzima nimeshaingia kazi ya kuandika, kutambua kwamba somo lile la chuoni ndilo ufunguo wa Kiingereza. Maana Kiingereza cha leo chote ni lugha ya akina Musa na Isa. Majina yake hayana kanzu. Tazama: "The dog bit the man" na "The man bit the dog". Maneno ni yale yale matano, hapana herufi iliyozidi wala kupungua. Katika sentensi ya kwanza mtu ameumwa, katika ya pili ni mbwa. Tofauti yote iko katika kiti.

Wala haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na alama zake kama Kiarabu. Mfalme akiwa mtendaji alitanguliwa na neno "se", na akiwa mtendwa alitanguliwa na "thone". Lakini miisho ya maneno ilikuwa inatamkwa kwa unyonge, na tena watu wa Skandinavia walikuwa wamehamia huko tangu karne ya 9 wakachanganyika na wenyeji, na lugha zikasuguana. Katika karne chache miisho ile ikamomonyoka kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua. Kazi iliyokuwa ikifanywa na miisho ikabidi ifanywe na mahali. Ndiyo maana leo mahali pana ukali namna ile.

Kilichobaki ni masalio katika viwakilishi, kama bangili za bibi zilizosalia sandukuni: "he" na "him", "she" na "her", "we" na "us", "they" na "them". Hata hivyo, Mwingereza hatumii masalio hayo kama ruhusa ya kupangua. Hasemi "Him saw I", ingawa "him" amevaa kanzu ya mtendwa waziwazi. Desturi ya viti imekwisha kuwa sheria kwa wote, wenye kanzu na wasio nayo.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili hakikuweka dhumma wala fat-ha, lakini kilifanya jambo jingine la ajabu. Kilivitia viwakilishi ndani ya kitenzi. Chukua sentensi hii: "Mtoto amekichukua kisu." Ndani ya neno lile moja, "amekichukua", mna "a" inayomwelekeza mtoto na "ki" inayokielekeza kisu. Kwa hiyo naweza kusema "Kisu mtoto amekichukua", au "Amekichukua mtoto kisu", na hakuna atakayedhani kwamba kisu ndicho kilichomchukua mtoto. Sisi watunga mashairi twalijua hili kuliko wote. Tunapotafuta kina huligeuza neno la mwisho likawa la kwanza, na ngeli hutusitiri. Hutushinda pale tu wanapokutana watu wawili. "Juma Ali amempiga": hapo hata Mswahili atauliza nani kampiga nani, kwa kuwa nasi tumekuwa akina Musa na Isa.

Mwenye kulielewa hili amekwisha elewa asili ya makosa mengi ya watoto wetu. Twaa matatu ambayo kila mwalimu wa Kiingereza wa pwani anayajua na ameyapigia mstari mwekundu mara elfu.

La kwanza, mtoto huandika "My father he went to Lamu." Mwalimu hukata "he" kwa hasira. Lakini "he" ile haikutoka hewani. Mtoto ana kichwani "Baba yangu alikwenda Lamu", na ile "a" ya "alikwenda" ameitafsiri kwa uaminifu. Hakujua kwamba Mwingereza, akishamtaja baba kitini pake, hana kiti cha pili cha mtendaji.

La pili ni kinyume chake. Ukimwuliza "Where is the book?" hukujibu "I have put on the table." Amekisahau kitabu! Mbona hakukisahau kwa Kiswahili? Kwa sababu kwa Kiswahili husema "nimekiweka mezani", na "ki" imejificha ndani ya kitenzi. Akitafsiri neno kwa neno, haoni neno lililosimama peke yake la kulifanya "it". Kiti cha mtendwa kinabaki kitupu, na Kiingereza hakivumilii kiti hicho kuwa kitupu.

La tatu, huandika "The man who I saw him yesterday." Kwetu ni "mtu niliyemwona jana", na ile "mw" ndiyo "him". Kiarabu nacho hufanya vivyo hivyo, hurudisha kiwakilishi mwishoni mwa kitenzi kumrejea mtajwa. Basi mtoto aliyelelewa baina ya chuo na nyumba ana ushahidi wa lugha mbili kwamba "him" inastahili kuwapo. Kiingereza peke yake ndicho kinachokataa, kwa kuwa "who" imekwisha kalia kiti hicho.

Je, mtoto huyu ni mjinga? Hasha. Mtoto huyu ana sarufi timamu kichwani, ila ni sarufi ya nyumba nyingine. Anayempiga mstari mwekundu bila kumweleza hivyo anamfundisha jambo moja tu, kwamba yeye ni mpumbavu.

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Katika darasa la sekondari nilitumwa nizime taa, nikarudi nikasema kwa sauti: "I have switched off it, sir." Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nao. Kisha akasema, "Switched it off. Keti." Nikaketi. Kwa miaka mingi nililijua kosa langu bila kuijua sababu yake, na sidhani kwamba yeye naye aliijua, maana aliisema Kiingereza kama anavyovaa viatu.

Sababu yenyewe ni hii. Kwa Kiingereza waweza kusema "switch off the light" au "switch the light off", yote sawa. Lakini ukiiondoa taa ukaweka "it", hubaki njia moja tu, "switch it off". Mwisho wa sentensi yao aghalabu ni kiti cha habari mpya na maneno mazito. "It" si mgeni wala si mzito. Kinachotajwa kimekwisha julikana, na neno lenyewe ni jepesi kama unyoya. Kwa hiyo hukimbilia kitenzi na kukishika. Na hapo, ewe ndugu yangu, Mwingereza amefanana nasi. Sisi twasema "izime", kiwakilishi kimegandamana na kitenzi mbele. Yeye husema "switch it off", kiwakilishi kimegandamana na kitenzi nyuma. Ningaliambiwa hivyo siku ile, nisingalilisahau somo wala nisingalikumbuka kicheko.

Atakuja mwerevu aseme: mbona twasema "look after her" na hatusemi "look her after"? Mwanafunzi wa chuo aliyesoma huruf al-jarr atamjibu. "Off" katika "switch it off" ni mali ya kitenzi, chaweza kusogea. Lakini "after" hapa ni kama harufu ya jarri, inashika jina lililo baada yake na haliachi. Nani aliyewahi kuona harufu ya jarri ikisimama huku na jina lake limebaki kule? Vivyo hivyo "look at it", "listen to him", "wait for us". Kazi ni kuzitambua zipi ni za kitenzi na zipi ni za jina, na hilo huja kwa mazoezi.

Tuje kwenye vielezi, ambavyo ndivyo hutusumbua kila siku. Watu wetu husema "She speaks well English" na "I like very much pilau." Kwa Kiswahili hakuna aibu katika kusema "napenda sana pilau". Kwa Kiingereza ni kosa, na sababu ni ile ile ya Musa na Isa. Mtendwa wa Kiingereza hana kanzu, hujulikana kwa kugusana na kitenzi chake. Ukimwingiza mtu mwingine katikati, umevunja ndoa. Kielezi na kisubiri mlangoni: "She speaks English well." "I like pilau very much."

Na vile vielezi vya mazoea, "always", "often", "never", vina kiti chao maalumu. Hukaa kabla ya kitenzi chenyewe, lakini baada ya "is" na "has" na ndugu zao: "He always comes late", "He is always late", "He has always come late." Mtoto wetu huandika "He comes always late" kwa kuwa kwetu "daima" hufuata, tena mazoea tumekwisha yasema kwa "hu" ya "huchelewa". Mahali na wakati hupangwa hivi mara nyingi, mahali kwanza kisha wakati: "I went to Lamu yesterday." Ukitaka kuukuza wakati, uutoe mbele kabisa. Usiuweke katikati ya mtendaji na kitenzi.

Kosa jingine nalisikia hata katika midomo ya wakubwa wenye tai: "I don't know where is he." Kwetu swali na habari hutumia mpangilio mmoja, "Yuko wapi?" na "Sijui yuko wapi." Mwingereza hugeuza viti anapouliza, "Where is he?", lakini swali likishafungwa ndani ya sentensi nyingine si swali tena, na viti hurudi mahali pake: "I don't know where he is." Ni jambo la dakika tano kulieleza. Nimekutana na watu waliosoma Kiingereza miaka 12 na hawakuelezwa.

Wako watakaoniambia kwamba dawa ni kuwatoa watoto katika Kiswahili na katika chuo, wazungumze Kiingereza tangu tumboni mwa mama. Nimewasikia wazazi wakijivunia kwamba mtoto wao hajui kuhesabu kwa Kiswahili. Tena wako wasemao waziwazi kwamba saa za chuo ndizo zinazomchelewesha mtoto skuli. Mimi nasema kinyume. Mtoto wa chuo amebeba mfukoni ufunguo ambao wengine hawana, ila hakuna anayemwonyesha mlango wake.

Nitatoa ushahidi mmoja, nao si mdogo. Katika Sura Fatir, aya ya 28, wametajwa wanavyuoni na khofu yao kwa Mwenyezi Mungu. Jina la Mwenyezi Mungu limetangulia, nalo lina fat-ha kwa kuwa ndiye anayeogopwa. Wanavyuoni wamekuja mwisho, nao wana dhumma kwa kuwa ndio waogopao. Mwanzo wa maneno hayo pana neno la kuweka mpaka, "innama", ambalo hukifunga kile kilichowekwa mwisho. Abdul-Qahir al-Jurjani, bingwa wa balagha wa karne ya 11, aliuliza: ingekuwaje kama wangetangulizwa wanavyuoni na kucheleweshwa jina la Mwenyezi Mungu? Akaonyesha kwamba maana ingegeuka. Kwa mpangilio uliopo, maana ni kwamba wanavyuoni ndio wamwogopao Mola wao kama ipasavyo. Kwa mpangilio mwingine, maana ingekuwa kwamba wanavyuoni hawamwogopi yeyote isipokuwa Mola wao. Maneno ni yale yale, maana ni mbili.

Msomaji, rudi sasa kwenye karatasi ya jirani yangu. Je, si swali lile lile? Neno la kuweka mpaka limemfunga nani, mpangaji au maji? Wanavyuoni wetu waliuliza swali hili miaka kiasi elfu moja iliyopita, wakaandika juzuu. Na kijana aliyekaa chuoni miaka saba, anayeihifadhi Sura Fatir kwa moyo, ameangushwa na swali hilo kwa Kiingereza, kwa sababu mwalimu wa chuo na mwalimu wa skuli hawajawahi kukaa barazani pamoja.

Na tujihadhari upande wa pili pia, maana maji hufuata mkondo. Mpangilio wa Kiingereza umeanza kuhamia katika Kiswahili chetu. Nasikia redioni: "Mimi nilikwenda, kisha mimi nikamwona yeye, na yeye akaniambia mimi." Viwakilishi vyote hivyo vimekwisha kuwa ndani ya vitenzi! Mswahili akisema "mimi nilikwenda", amekusudia kuwa ni mimi si mwingine. Tukiitia "mimi" kila mahali kwa kuwa Mwingereza hana budi kuitia "I", tutaipoteza nguvu ile, na siku tutakapotaka kusisitiza hatutakuwa na la kusisitizia. Atakayechanganya viti vya nyumba mbili hatakuwa na pa kukaa katika yoyote.

Basi nashauri nini? Mwalimu wa Kiingereza wa pwani aanze na anachokijua mtoto. Aandike ubaoni "nimekiweka", aichambue, aionyeshe "ki", kisha aonyeshe kiti ambacho "it" itakaa. Mwalimu wa chuo naye, anapofika kwa Musa na Isa, aseme neno moja la nyongeza: "Na Kiingereza chote ki hivi." Mzazi asione haya kumweleza mwanawe kwa Kiswahili jambo la Kiingereza. Na sote, tunapoandikiana mapatano ya nyumba, mashamba na mahari, tukumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapana aibu wala upungufu katika kuandika kwa lugha ambayo watia sahihi wote wawili wanaijua viti vyake.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Baada ya isha nilimwita mpangaji, akaja, kijana mpole kumbe, mwenye kufuata alichokisoma. Nikawaomba mashahidi wa siku ya kwanza waseme walichokisikia. Wakasema. Mpangaji akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ami, mimi nilisoma karatasi. Lakini siku ile nilisikia kama walivyosikia wao." Tukaandika upya, kwa Kiswahili: mpangaji peke yake ndiye atakayelipia maji, umeme watagawana nusu kwa nusu. Mpwa ndiye aliyeshika kalamu, kwa amri yangu, ili asiondoke pale ameaibika. Bibi akatuletea kahawa na haluwa.

Nami, kwa kuwa sijui kuondoka barazani bila ubeti, nilimwandikia kijana huu nyuma ya karatasi ya zamani:

Neno na mahali pake, ndipo hupata maana,
Likihama kiti chake, jirani watagombana,
Mwana kwa nahau yake, ya pili ataiona,
Lugha yako uishike, nyingine iwe hazina.